Kabla ya Kufungua Boksi Jipya



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na vijana wetu, safari hii tunaomba tuzungumze juu ya meza. Tunakusudia ile pembe ya meza ambayo kijana ameitandika gazeti, akaweka kikombe cha maji machafu na brashi tatu, na mbele yake askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole gumba, nusu wamepakwa rangi na nusu bado ni wa kijivu. Hapa Rohero nyumba zenye meza ya namna hiyo si nyingi, lakini zipo, na yetu ni mojawapo. Na maneno yanayosemwa juu ya meza hiyo ni yale yale kila nyumba: "Umeanza mambo kumi, hujamaliza hata moja."

Sisi tunasema maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inawavunja moyo watoto bure. Kuwa na kazi tatu mezani kwa wakati mmoja si uvivu wala si kukosa subira. Katika fani hii ndivyo kazi inavyokwenda. Kinachoharibu ni boksi jipya linalofunguliwa wakati yale ya zamani hayajasogea, na mara nyingi boksi hilo hakulinunua kijana. Limeletwa na mkubwa mwenye nia njema.

Kwa wasioifahamu hobi hii, tueleze kwa ufupi. Mchezo wa vita vya mezani ni wa zamani. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wa jeshi lake mchezo wa kufundishia maofisa kwa kutumia ramani na vipande vidogo. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kucheza na askari wa kitoto, Little Wars. Kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, mchezo wake wa Warhammer ukatoka mwaka 1983, na ule wa Warhammer 40,000 mwaka 1987. Leo makao yake yako Nottingham. Vijana wengi wameingia katika hobi hii kupitia mlango huo. Mnunuzi hapewi askari aliye tayari. Anapewa fremu za plastiki zenye vipande, avikate, avisugue, avigundishe, kisha apake rangi mwenyewe kwa brashi ndogo. Askari mmoja ana urefu wa milimita 28 hivi, na jeshi moja laweza kutaka makumi ya askari. Wapo wasiocheza kabisa. Raha yao yote iko kwenye brashi.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kwanza hupakwa rangi ya msingi ili rangi nyingine ishike kwenye plastiki. Halafu rangi za kawaida: nguo, mkanda, chuma. Halafu rangi ya majimaji ambayo huingia kwenye mikunjo na kuacha kivuli. Halafu brashi iliyopanguswa mpaka karibu ikauke hupitishwa juu ya kingo ili kingo zing'ae kidogo. Mwisho vanishi. Kila tabaka linataka kukauka kabla ya lingine kuja juu yake. Kwa joto letu la kando ya ziwa rangi nyepesi haichelewi, lakini kivuli kilichotuama kwenye mikunjo kinataka nusu saa na zaidi, na ukikigusa mapema unavuruga ulichokifanya tangu asubuhi. Gundi na mchanga wa kwenye kitako huachwa usiku kucha. Je, muda wote huo kijana akae anatazama plastiki ikikauka? Atachukua kitu kingine, na ana haki ya kuchukua.

Sisi tunaofundisha madrasa tunalielewa jambo hili bila taabu, kwa kuwa ndivyo tunavyowahifadhisha watoto. Mwanafunzi wa hifdhi hana kazi moja kwa siku. Ana somo jipya, ana kurasa za juma lililopita ambazo bado ni laini kichwani, na ana juzuu za zamani anazozirudia zisimponyoke. Kazi tatu, kila siku, na wala hakuna mzazi aliyewahi kutujia kulalamika kwamba mtoto wake anaanza mengi. Lakini hakuna mwalimu mwenye akili atakayempa mtoto masomo mapya matatu kutoka sura tatu, asubuhi moja. Angemchosha mpaka akimbie chuo. Tofauti ni hiyo tu, na ndiyo tunayoitaka mezani: kazi ziwe tatu, lakini kila moja iwe katika hatua yake.

Meza ya namna hiyo huwa hivi. Kuna kazi moja ya macho na mkono mtulivu: vifungo, kamba za viatu, uso. Hiyo hufanywa mchana karibu na dirisha, na saa moja yatosha. Kuna kazi ya pili isiyotaka mwanga mkali: kupaka mawe, magome ya miti, kuta za udongo, kumwaga mchanga juu ya vitako. Hiyo unaweza kuifanya hata umeme ukikatika, kwa taa ya simu, baada ya Isha. Na kuna ya tatu ambayo haifanywi chochote ila kungoja, imekaa juu ya kabati inakauka. Kijana mwenye mpango huo, hata akipata nusu saa tu kati ya kazi za shule na Maghrib, hakosi la kufanya, wala hajiulizi aanzie wapi.

Ugumu wa kuwa na kazi zaidi ya moja uko mahali pengine, nao ni kurudi. Umepaka koti la askari watano kwa rangi uliyoichanganya mwenyewe, ukaenda kwenye kazi nyingine majuma mawili, ukirudi umesahau ulichanganya nini. Askari wa sita anatoka na koti la jeshi jingine. Dawa yake ni daftari la shule la kurasa 48. Kila kazi na ukurasa wake: rangi gani, matone mangapi, maji kiasi gani, na umeishia wapi. Tumeona vijana wakiliona jambo hili la kizee, mpaka siku ya askari wa sita. Kitu cha pili ni kisahani chenye unyevu, kwa maana sahani ya kawaida katika mji huu inakausha rangi kabla hujageuka. Chukua boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko, weka ndani sifongo iliyolowa maji, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi zako ziweke juu ya karatasi hiyo. Ukifunika, utazikuta kesho bado ni mbichi, na utarudi kwenye koti lile lile kwa rangi ile ile. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa moja ya rangi.

Na vanishi tuiseme, kwa kuwa imewaliza wengi. Vanishi ya kupuliza isiyong'aa haipatani na unyevu. Masika yakikolea inageuka ukungu mweupe juu ya kazi ya miezi miwili. Hapa kwetu kazi hiyo ingoje kiangazi, Juni mpaka Agosti, asubuhi, na ukimaliza ufunike kwa ndoo, maana kiangazi nacho kina vumbi lake. Kwa hiyo usishangae ukiona mwezi wa Machi kijana ana askari ishirini "hawajaisha" rafuni. Wameisha. Wanangoja mvua iondoke.

Basi nusu ya ukweli iliyomo katika maneno ya wazazi ni ipi? Tueleze kwa mfano wa kijana mmoja tunayemfundisha, miaka kumi na mitano, mtoto wa familia yenye ndugu Ubelgiji. Ndani ya mwaka mmoja aliletewa maboksi manne. Kila boksi alilifungua siku ile ile lilipofika, akakata vipande vyote, akagundisha, akapaka rangi nyeusi ya msingi. Alikuwa na askari zaidi ya arobaini, wote weusi, wote katika hatua moja. Hapo ndipo hobi ilipofia. Kila alipokaa mezani aliona arobaini wakimtazama, na mmoja akimaliza walibaki thelathini na tisa, tofauti haionekani. Akaacha. Mama yake akataka kuvigawa vyote. Baba yake akaanza kuhesabu yuro zilizotumika na kuzilinganisha na ada ya shule, na yuro hizo hazikuwa zake. Yule mjomba wa Brussels akaudhika kwamba zawadi zake zinadharauliwa. Kijana akanyamaza, na kijana wa umri huo akinyamaza nyumbani wazazi wanajua maana yake.

Waliokuja kwetu kuuliza tuliwaambia hivi, na tunalirudia hapa kwa wote: maboksi matatu yafungwe kwa utepe, yawekwe juu ya kabati la mama, tena la mama hasa, si la kijana. Kutoka boksi lililobaki watolewe askari watano tu. Watano hao wapelekwe mpaka mwisho, na vitako vyao. Halafu watano wengine waanze hatua ya mwanzo wakati wale wa kwanza wakiwa katika hatua za mwisho. Haikuwa muujiza. Ilichukua majuma sita. Lakini watano walipokaa rafuni sebuleni, baba akawaonyesha wageni. Kitendo hicho cha baba kilifanya kazi kuliko ushauri wetu wote.

Tuje kwa jamaa wa Ulaya, Oman na kwingineko wanaotusoma. Tunawapenda na tunawashukuru, lakini hapa tunawalaumu waziwazi. Mnaingia dukani, mnaona boksi lina picha ya kupendeza, mnakumbuka mpwa wenu, mnalipa makumi ya yuro. Mtoto anashangilia siku moja. Mnachokifanya ni sawa na kumwongezea sura mpya mwanafunzi ambaye hajatoa ile ya zamani. Kama mnataka kumsaidia kweli, mwulizeni kwanza: rangi gani imekwisha? Brashi ipi imepoteza ncha? Brashi nzuri ya manyoya namba 1 ni ndogo kuliko kalamu na haina picha ya kupendeza, lakini mtoto ataitumia miaka, akifundishwa kuiosha kwa sabuni na kutoiacha imesimama kwenye kikombe. Na tafadhali msitie makopo ya kupuliza katika mabegi. Rangi ya kopo la kupuliza hairuhusiwi ndani ya ndege, na tayari kuna aliyeachishwa makopo yake uwanjani akafika mikono mitupu. Leteni rangi ya msingi ya chupa, ile ya kupaka kwa brashi. Na kama lazima mtoe boksi, basi mpigieni simu mama yake kwanza, mwulize juu ya kabati kuna mangapi.

Wengine watatuambia kwamba siku hizi kuna rangi za haraka. Ni kweli. Mwaka 2019 Games Workshop walitoa rangi walizoziita Contrast, ambazo kwa tabaka moja zinatia rangi na kivuli kwa pamoja, na kampuni nyingine zikafuata na za kwao. Tumezitumia, ni nzuri, hasa kwa nguo na manyoya ya wanyama. Lakini aliyekuwa na maboksi manne hakupungukiwa na mwendo. Akipewa rangi ya haraka atafungua la tano.

Kuna swali jingine ambalo hatuwezi kulikwepa, kwa kuwa tunaulizwa kila mara, nalo ni la sanamu. Mzazi anasema: ustadh, hivi ni vijitu vyenye sura, je, vinafaa nyumbani? Jawabu letu ni kwamba wanazuoni wametofautiana, na asiyekuambia hivyo hakukutendea uadilifu. Wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo, wakitegemea habari iliyopokewa ya Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa. Wengine wakasema ruhusa hiyo ni ya watoto tu, tena ilikuwa ya mwanzo. Mtoto anayecheza ana hukumu moja, na mtu mzima anayepanga sanamu kabatini kama pambo ni suala lingine. Kila familia imwulize mwalimu inayemwamini. Sisi kwa upande wetu tumechagua njia ya kupumzisha moyo: tunatengeneza vyombo, nyumba, miti na milima, na watu tunawaachia watoto. Anayedhani hilo limetupunguzia kazi hajawahi kutengeneza mti.

Tena njia hiyo imetufungulia mlango wa nyumbani. Ipo kampuni ya Uingereza, Wargames Foundry, inayouza askari, wapagazi, ruga-ruga na Waarabu wa Zanzibar wa karne ya 19, kazi nzuri sana ya mikono, lakini mlolongo mzima umeitwa kwa jina la "Afrika yenye giza zaidi". Babu zetu waliofika Ujiji na Usumbura katika misafara hiyo wamo ndani ya boksi, na jina liko juu ya mfuniko. Kijana anayeipaka rangi kanzu ile afundishwe pia kulisoma jina lile na kulijibu.

Ziwa letu lenyewe lina habari ambayo mtengeneza modeli hawezi kuipita. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli, kikaifungua vipande vipande na kuitia ndani ya makasha 5,000. Makasha hayo yakasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, na mafundi watatu wa kiwanda hicho pamoja na wafanyakazi wa Kiafrika wakaiunganisha tena. Ikashuka ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Makasha 5,000, na kazi moja! Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikavutwa nchi kavu kupitia Kongo kwa ng'ombe na mashine za mvuke; tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka boti ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kupaka mitambo yake grisi isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo sisi sote tunalijua: Liemba.

Meli ina urefu wa mita 71 na kitu. Kwa kipimo cha 1/72, ambacho modeli nyingi za askari wa kitoto hufuata, ingekuwa karibu mita nzima, na nyumba yetu haina rafu hiyo. Tumeijenga kwa kipimo cha 1/350, sentimita 20 hivi, kwa kadibodi, vijiti vya mbao na waya. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kwanza mezani sasa, imebaki kutiwa kutu. Ya pili ni gati la Kigoma na mapipa yake. Ya tatu ni maji ya ziwa, ambayo tunayapaka tabaka kwa tabaka ya gundi angavu na yanakauka taratibu kupita kiasi.

Meli ilikuwa karibu kutoka mezani juma lililopita. Akaja mama mmoja wa mtaani kumchukua mwanawe darasani, akaiona, akaijua mara moja bila kuisoma jina. Mei 2015, Warundi walipovuka kwa maelfu na kujaa pale Kagunga, kijiji cha Tanzania kisichokuwa na barabara ya gari, Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua watu kama 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma, na yeye alikuwa mmojawapo, na mtoto huyu alikuwa tumboni. Akaizunguka meza, akainama, akatuuliza: "Mwalimu, sasa watu wako wapi? Hapa pote palijaa watu, huoni pa kuweka mguu."

Tumepiga hesabu. Kwa kipimo hicho mtu mzima ni milimita 5, hana macho wala mdomo, ni kitone cha rangi na kitambaa tu, kwa hiyo hata wale wanaotubana juu ya sanamu hatudhani watakuwa na neno. Tunawakata kutoka waya mwembamba, ishirini ishirini, kwa mpangilio ule ule wa daftari. Nyumbani wanadai hiyo ni kazi ya nne na kwamba tumevunja sheria yetu wenyewe. Sisi tunaihesabu ndani ya ile ya kwanza, kwa sababu meli bila abiria wake ilikuwa haijaisha. Mpaka leo wamefika mia na arobaini.